Kadi ya Malipo Isiyojazwa Tena

Kilima cha Rebero, katika Wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, kinajulikana vyema kwa watu wa majeshi na polisi. Kila mwaka, tarehe 13 Aprili, viongozi wa taifa hupanda huko kuwakumbuka wanasiasa waliouawa mwaka 1994 wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwa kuwa walikataa siasa ya kuua. Siku nyingine Rebero ni mahali pa makazi na maduka, na mwenye kusimama juu yake huliona jiji karibu lote. Askari aliyetoka zamu hupita dukani kununua sabuni, mkate na inite za simu, na mazungumzo ya hapo ni yale yale ya mahali popote: bei za vitu, karo za watoto, na habari za ndugu walioko ng'ambo.

Katika mazungumzo ya namna hiyo huingia siku hizi jambo ambalo wengi hulitaja bila kulielewa. Mathalani, askari ana dada yake Brussels au Montreal, naye dada huyo, badala ya kutuma fedha kwa njia ya kawaida, anampelekea kwa simu picha ya kadi yenye tarakimu 16 na kusema, "Kaka, humo mna dola hamsini, nunua unachotaka." Askari mwingine anapokea ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, akitakiwa yeye ndiye anunue kadi ya namna hiyo na kusoma tarakimu zake kwenye simu. Kadi ni moja kwa sura. Wa kwanza amepewa zawadi, na wa pili yu karibu kuibiwa. Kwa hiyo yafaa kueleza kadi hiyo ni kitu gani, fedha zake huwa wapi hasa, na kwa nini wezi wameipenda kuliko noti.

Jambo la kwanza kulishika ni kwamba kadi za malipo si za jamii moja. Iko kadi ya benki iliyofungwa na hesabu ya mtu: jina lake liko benki, picha yake iko benki, na kadi ikipotea hesabu hubaki mahali pake. Askari mwenye akiba yake Zigama CSS, chombo kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya akiba na mikopo ya watu wa majeshi na usalama, anaijua hali hiyo. Kisha iko kadi inayojazwa fedha kabla ya kutumiwa, ikiisha hujazwa tena. Mfano wake ni kadi ya Tap&Go ambayo abiria wa mabasi ya Kigali walianza kuigusisha kwenye mashine mnamo Desemba 2015: mtu hulipa kwa wakala, salio hupanda, na kila safari hulipunguza. Ya tatu ndiyo inayozungumzwa hapa. Hununuliwa ikiwa na kiasi kilichokwisha kupangwa, hutumiwa mpaka kiasi hicho kiishe, na baada ya hapo haina kazi. Hakuna njia ya kuiongezea hata faranga moja. Aghalabu haina jina la mtu, na asiye na jina kwenye mali yake hupata taabu kuthibitisha kuwa ni yake.

Asili ya kadi hii ni simu za barabarani. Nchini Italia, katika miaka ya 1970, sarafu zilikuwa adimu na masanduku ya simu yalikuwa yakivunjwa na wezi waliotafuta sarafu hizo hizo. Mwaka 1976 kampuni iitwayo SIDA ikatoa kadi yenye utepe wa sumaku, mtu akainunua dukani na kuiingiza katika simu. Wafaransa, katika miaka ya 1980, walikwenda mbele zaidi, wakaweka katika kadi kijisahani kidogo cha elektroniki chenye vipimo vya kuhesabika. Kila muda wa mazungumzo ulipopita, mtambo wa simu ulikiunguza kipimo kimoja, na kipimo kilichoungua hakikuweza kurudishwa. Katika kadi ile kutojazwa tena hakukuwa amri ya kampuni tu, bali umbile lenyewe la kitu, kama kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwaka. Wakazi wa miji mikubwa ya Afrika Mashariki walizijua kadi za simu za barabarani katika miaka ya 1990, na wapo hadi leo wanaozihifadhi kwa ajili ya picha zake nzuri.

Simu za mkononi zilipoingia, kijisahani hakikuhitajika tena. Kampuni ya MTN Rwandacell ilianza kazi Rwanda mwaka 1998, na mteja ambaye hakuwa na hesabu ya benki wala mshahara wa kudumu aliweza kupiga simu kwa kununua kipande cha karatasi ngumu, kukikwangua kwa ukucha au kwa sarafu, na kuingiza tarakimu zilizojitokeza. Hizo ndizo kadi za inite, ambazo Dar es Salaam huitwa vocha. Watu wengi wa Afrika Mashariki hawakupata kuishika kadi nyingine yoyote ya malipo kabla ya hiyo, ingawa hakuna aliyewaambia kuwa wameshika kadi ya malipo. Kwa kuwa kila msikilizaji aliwahi kuikwangua, au alimwona anayeikwangua, ndiyo itakayotumika hapa kueleza mambo yaliyofichika.

Kadi ya inite ina namba mbili. Ya kwanza iko wazi, nayo ni namba ya mfululizo: inaonyesha kadi imechapwa katika fungu lipi na imepelekwa kwa muuzaji gani. Ya pili imefunikwa kwa utando wa kijivu, nayo ndiyo namba ya siri. Wengi hudhani fedha zimo chini ya utando. Hazimo. Fedha, au tuseme ahadi ya kampuni kwamba itatoa huduma ya kiasi fulani, imeandikwa katika kompyuta ya kampuni, karibu na namba ile ile ya siri, pamoja na neno moja la hali yake: bado haijafunguliwa, iko hai, au imekwisha kutumika. Mteja anapoingiza tarakimu, kompyuta huitafuta namba hiyo katika daftari lake. Ikiikuta iko hai, humwongezea mteja salio na papo hapo huandika kuwa imetumika. Kazi yote huchukua sekunde chache. Akija mwingine na namba hiyo baada ya dakika moja, hata kama ndiye aliyeinunua kwa fedha yake halali, hujibiwa kuwa kadi imekwisha kutumika. Kompyuta haimjui mnunuzi, humjua aliyetangulia kuingiza namba.

Neno "haijafunguliwa" nalo lina maana kubwa. Kadi zikiwa ghalani au njiani ndani ya gari ni karatasi tupu, kwa kuwa kompyuta haijaambiwa kuzihuisha. Mwizi akiliteka gari lenye makasha ya kadi hizo anaweza kukwangua usiku kucha asipate kitu, na kampuni ikishajua namba za mfululizo za fungu lililoibwa hulifuta lote kwa pigo moja. Ndivyo ilivyo pia kwa kadi za zawadi zinazotundikwa wazi katika maduka ya Ulaya na Marekani, mtu anazipita na kuzigusa bila mlinzi. Zimekufa mpaka karani wa malipo azipitishe kwenye mashine yake na kupokea fedha.

Je, mtu hawezi kubahatisha namba? Chukua kadi yenye tarakimu 14. Michanganyiko inayowezekana ni trilioni 100. Hata kama siku hiyo ziko kadi milioni moja zilizo hai, anayebahatisha ana nafasi moja katika milioni 100, na mitambo mingi humfungia simu baada ya kukosea mara chache. Kubahatisha, basi, si njia ya mwizi. Njia ya mwizi ni kuambiwa.

Hapa pana ulinganisho unaofaa. Mtu anayenunua umeme wa Cash Power hupewa vilevile tarakimu, nazo ni 20. Lakini tarakimu zile zimetengenezwa kwa ajili ya mita moja tu, na mita ya jirani huzikataa. Mwenye nyumba anaweza kuzisoma kwa sauti katikati ya soko na asipoteze chochote. Namba ya kadi ya inite, au ya kadi ya zawadi, haikufungwa na mtu wala na mita. Anayeisikia ameipata. Tofauti hiyo ndogo ya utengenezaji ndiyo inayozaa karibu matatizo yote yanayofuata, na pia ndiyo iliyoipa kadi hii manufaa ambayo watengenezaji wake hawakuyawazia.

Manufaa hayo yaligunduliwa na wananchi wenyewe. Kabla ya kuwako huduma za kutuma fedha kwa simu, mtu aliyekuwa Kampala na mama yake kijijini alinunua kadi ya muda wa maongezi, akampigia simu mwenye kibanda cha simu kule kijijini, akamsomea tarakimu. Mwenye kibanda aliziingiza katika simu yake, akawauzia watu wengine maongezi, na akampa mama yule fedha taslimu baada ya kukata ujira wake. Huko Uganda mtindo huo uliitwa sente, yaani fedha. Hapakuwa na benki, fomu wala safari ya basi. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakifadhiliwa na serikali ya Uingereza waliona mambo ya namna hiyo yakifanyika Uganda, Botswana na Ghana bila ya kampuni yoyote kuyapanga. Miaka mitano baadaye, mnamo Machi 2007, Safaricom ikaanzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2010 huduma ya MTN ya fedha kwa simu ikafika Rwanda. Wataalamu wamesifiwa sana kwa uvumbuzi huo, na wanastahili. Hata hivyo, haki ya kwanza ni ya wale wenye vibanda, ambao walikwisha kuona kuwa tarakimu kumi na kadhaa zinaweza kumlisha mtu.

Lakini fedha za kwenye simu zilileta kitu ambacho kadi haikuwa nacho, yaani jina. Laini za simu Rwanda ziliandikishwa kwa majina ya wenyewe mwaka 2013. Fedha zikitoka simu hii kwenda ile, hubaki alama ya nani alimtumia nani, saa ngapi na kiasi gani. Mwizi mwenye akili huikimbia alama hiyo, naye anaporudi kwenye kadi isiyo na jina huwa anafuata giza alilolizoea.

Sasa twende kwenye kadi yenyewe inayotajwa katika mazungumzo ya Rebero, ile inayotumika kununua vitu katika maduka ya intaneti. Nayo ni ya aina mbili. Moja hutolewa na duka au kampuni fulani, kama Amazon, Apple au Google, na haifai popote isipokuwa kwa mwenyewe aliyeitoa. Tena nyingi hufungwa na nchi: kadi ya Apple iliyonunuliwa Marekani haipokelewi katika hesabu ya mteja wa nchi nyingine. Ndugu wengi walioko ng'ambo hawalijui jambo hili, wakatuma zawadi isiyofunguka. Nyingine huwa na alama ya Visa au Mastercard, ina tarakimu 16 mbele, tarehe ya mwisho wa matumizi, na tarakimu tatu nyuma, na hufanya kazi kama kadi ya benki mahali pengi. Hata hii baadhi ya watoaji huizuia kutumika nje ya nchi ilikotolewa, na inaporuhusiwa hukatwa ada ya kubadili fedha. Anayetaka kumtumia mzazi wake dola hamsini na aone zimefika hamsini, kadi hii si njia yake.

Wengine hudanganyika kwa kuona tarakimu 16 zinakubaliwa na fomu ya duka, wakaamini kuwa kadi ina fedha. Tarakimu ya mwisho ya kadi hupatikana kwa hesabu kutokana na zile zilizotangulia. Njia hiyo ilibuniwa na mhandisi wa IBM, Hans Peter Luhn, katika miaka ya 1950, ili kugundua makosa ya kuandika. Fomu inapoikubali namba, imethibitisha tu kwamba hakuna tarakimu iliyokosewa. Haijauliza kama kuna fedha. Tapeli mwenye kalamu na karatasi anaweza kutunga namba kamili kwa hesabu hiyo katika dakika tano na kumlipa nayo mtu asiyejua.

Mnunuzi akiwa mbele ya karani ana mambo machache ya kuangalia, na wakati wa kuyaangalia ni kabla ya kulipa. Kwanza bahasha ya kadi. Wako wezi ambao huingia dukani, hunakili namba za kadi zilizotundikwa, hubandika tena utando mpya juu ya namba ya siri, na kuzirudisha mahali pake. Kisha hungoja. Kompyuta yao huuliza salio mara kwa mara, na siku mteja anapolipia kadi na kuihuisha, fedha huondoka kabla hajafika nyumbani. Bahasha iliyochanika, utando uliokunjamana au uliobandikwa upande, ni sababu ya kutosha ya kuirudisha kadi na kuchukua nyingine. Pili, bei: kadi nyingi zenye alama ya Visa au Mastercard huuzwa kwa thamani yake na ada juu yake. Tatu, stakabadhi. Kwa kadi isiyo na jina, stakabadhi ndiyo jina. Aliyeitupa kwenye pipa la mlangoni hana la kusema kadi ikikataa.

Kuhusu muda wa kadi kufa, nchi hazifanani. Marekani ilitunga sheria mwaka 2009 inayokataza fedha za kadi ya zawadi kufa kabla ya miaka mitano, na inayozuia kukata ada ya kutotumika kabla ya miezi 12 kupita. Kwingineko mteja hulindwa kidogo zaidi, au hulindwa na maandishi madogo ya nyuma ya kadi peke yake. Askari anayekwenda kulinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati au Sudan Kusini, kama wale waliopelekwa Cabo Delgado nchini Msumbiji tangu Julai 2021, anaweza kukaa mwaka mzima bila kufungua sanduku lake. Kadi aliyopewa zawadi ni bora aitumie kabla ya kupanda ndege.

Kwa matumizi, kadi hii ina tabia mbili zinazowaudhi watu. Ya kwanza ni dhamana. Hoteli, na pampu nyingi za petroli za ng'ambo zinazojiendesha zenyewe, huzuia kiasi kikubwa kuliko deni ili zisipate hasara, na kiasi hicho hubaki kimefungwa kwa siku kadhaa. Mwenye kadi ya dola hamsini hujikuta hana kitu ingawa ametumia kumi. Ya pili ni marejesho. Mtu ananunua viatu kwenye intaneti, kadi inabaki na sifuri, anaitupa. Viatu vinakuja vidogo. Muuzaji muungwana anarudisha fedha, lakini anazirudisha kwenye kadi ile ile iliyotupwa. Kadi isiyojazwa tena na mwenyewe hujazwa na muuzaji kwa marejesho, na hilo ndilo tundu moja la pekee katika kanuni yake.

Ndugu wasikilizaji, sehemu iliyobaki inawahusu hasa watu wenye sare.

Ulaghai wa kadi hizi una mfano mmoja unaorudiwa kila mahali. Mtu hupigiwa simu au huandikiwa, huambiwa pana jambo la haraka, naye hutakiwa anunue kadi, akwangue, asome namba. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipokea kwa mwaka 2023 malalamiko ya hasara ya zaidi ya dola milioni 200 zilizolipwa kwa njia hiyo, na hao ni waliosema tu. Wengi huona haya, wakanyamaza. Sababu za mwizi kuipenda njia hii zimekwisha kuonekana: namba husafiri kwa sauti, haina jina, haihitaji mtu kwenda mahali popote, na ikishatumika hairudi.

Katika ulaghai huo sare imetumika kama chambo. Matapeli huchukua picha za askari halisi kutoka mitandao ya kijamii, wakajifanya wao ndio hao, wakawaandikia wanawake wa nchi nyingine maneno ya mapenzi, na baada ya wiki chache wakaomba kadi za zawadi kwa kisingizio cha kulipia likizo, chakula au usafiri wa kurudi nyumbani. Idara ya upelelezi wa jinai ya jeshi la Marekani imetoa maonyo mengi juu ya jambo hilo na kueleza kuwa hakuna askari anayelipishwa likizo yake. Mwenye kuweka picha yake ya sare hadharani afahamu kuwa inaweza kumwibia mjane aliye mbali, na jina litakalolaaniwa ni lililoandikwa kifuani.

Ubaya wa pili unaingia moja kwa moja kambini, nao unatumia sifa njema ya askari. Katika makampuni ya nchi nyingi karani hupokea ujumbe unaoonekana umetoka kwa mkuu wake: niko kwenye mkutano, siwezi kupokea simu, nunua kadi tano za zawadi haraka unipelekee namba, nitakurudishia. Karani wa kawaida huenda akasita. Mtu wa jeshi au polisi amefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba amri hutekelezwa. Akipokea ujumbe unaosema, "Ni mimi afande wako, hii ni namba yangu mpya," mkono wake huwa umekwisha kuanza kutii kabla kichwa hakijauliza. Tapeli analijua hilo, na hahitaji kujua mengi zaidi ya jina la mkuu na cheo chake, vitu ambavyo aghalabu viko kwenye picha za sherehe.

Lakini amri ya kweli ina njia yake. Inapitia kwa wakubwa walio katikati, inaandikwa, au inatolewa uso kwa uso. Hakuna kikosi kinachonunua vifaa vyake kwa tarakimu zilizokwanguliwa. Koplo anayempigia mkuu wake kwa namba ya zamani, au anayemwendea sajini wa zamu na kusema, "Afande, nimepata ujumbe huu, ni wenu?" hajavunja nidhamu hata chembe. Maafisa nao wana sehemu yao: askari aliyewahi kukemewa kwa kuuliza swali la namna hiyo hatauliza mara ya pili, na mara ya pili ndiyo ya tapeli.

Kwa polisi aliye mezani kituoni, mlalamikaji wa kadi huja akiwa na aibu, na mara nyingi maneno ya kwanza anayoyasikia ni kwamba fedha zimekwenda. Huenda ni kweli, lakini si lazima. Mwizi hupata namba nyingi kwa siku na hazitumii zote mara moja. Yafaa mlalamikaji asaidiwe kumpigia mtoaji wa kadi kabla ya kuandika maelezo marefu, kwa kuwa mtoaji akipewa namba ya mfululizo na stakabadhi anaweza kufungia salio lililobaki. Hapo ndipo dakika zina thamani. Kadi yenyewe, bahasha, stakabadhi na ujumbe wa simu visifutwe wala visitupwe, kwani kompyuta ya mtoaji huandika namba imeingizwa saa ngapi na katika hesabu ipi, na kutoka hapo mpelelezi hupata mahali pa kuanzia. Rwanda ina sheria ya mwaka 2018 ya kuzuia na kuadhibu makosa ya kompyuta, na Idara ya Upelelezi, RIB, hupokea taarifa kwa simu ya bure namba 166.

Giza la kadi isiyo na jina limewatisha hata wakubwa wa dunia. Baada ya mashambulizi ya Paris ya Novemba 2015, serikali ya Ufaransa ilieleza kuwa washambuliaji walitumia kadi za kulipia kabla katika maandalizi yao, zikiwamo gharama za vyumba walivyolala. Jumuiya ya Ulaya ikakaza kanuni mwaka 2018, ikateremsha kiwango cha fedha ambacho mtu aweza kuwa nacho katika kadi bila kujitambulisha kutoka euro 250 hadi 150. Wako wanaolalamika kuwa raia mwema anasumbuliwa kwa ajili ya waovu wachache. Malalamiko hayo yana uzito kidogo, kwa kuwa anayenunua kadi ya euro 100 kumpa mtoto wa dada yake haguswi na kanuni hiyo.

Pamoja na yote hayo, isidhaniwe kuwa kadi hii ni mtego mtupu. Kwa mtu anayenunua kitabu au kipuri kwa muuzaji wa mbali asiyemfahamu, ni kinga nzuri kuliko kumpa namba ya kadi ya benki. Muuzaji akiwa mwizi, atachukua kilichobaki kwenye kadi basi, na mshahara wa askari utabaki benki salama. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kuwa nayo, mradi imenunuliwa na mwenyewe, kwa kiasi kidogo, kwa kitu alichokwisha kukichagua.

Mwishoni hubaki kisalio, dola moja na senti kadhaa, ambacho hakitoshi kitu chochote, na mashine huikataa kadi nzima kwa sababu bei imezidi salio. Watu wengi humwachia mtoaji fedha hizo. Dukani dawa yake ni kumwambia karani kwanza kiasi kamili kilichomo, akate hicho hicho, na kinachopungua kilipwe kwa fedha taslimu. Kisha kadi ihifadhiwe pamoja na stakabadhi mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite, ndipo ikatwe kwa mkasi, mkato ukipita katikati ya tarakimu.